Mtazame wa Pili

Kila Kombe la Davis likikaribia mnanijia na swali lilelile, wanangu: "Babu, nani anashinda hii?" Nami nawauliza: nani anacheza? Basi mnanuna. Mnaona mzee anakwepa, au kumbukumbu zimemtoka, mnarudi kwenye simu zenu na kuweka mkeka kwa jina la nchi. Siku tatu baadaye mkeka umechanika, na lawama zinakwenda kwa mwamuzi, kwa mpira, kwa bahati. Sikatai kuulizwa. Ila nimechoka kuona watu wenye akili timamu wakikosea kwa njia ileile mwaka hata mwaka. Nitasema tena, polepole, na safari hii wekeni simu chini mpaka nimalize.

Sitawahubiria halali na haramu. Mashekhe na mapadri wamewaambia hayo tangu mko madrasa na shule ya Jumapili, na kama hamkuwasikia wao hamtanisikia mimi. Mimi nasema habari ya mchezo wenyewe, maana mnaubashiri bila kuujua.

Tenisi ni mchezo wa mtu na nafsi yake. Mwaka mzima mchezaji anasafiri kwa gharama zake, anacheza kwa jina lake, anajitoa akitaka. Kisha zinakuja wiki chache za Kombe la Davis, anavaa rangi za taifa, nahodha anakaa naye pembeni mwa uwanja akimnong'oneza, na ushindi wake unahesabika kuwa pointi moja tu kati ya kadhaa ambazo nchi inazitafuta. Ndivyo mambo yalivyo tangu mwaka 1900, Dwight Davis, kijana wa Harvard, alipotoa kombe na Wamarekani wakawakaribisha Waingereza mjini Boston. Mtabiri anayezibeba hesabu za mashindano ya mtu mmoja mmoja na kuzimwaga hapa bila kuzichuja, hajui amebadilisha mchezo.

Tuanze na Bologna, Novemba 2025, kwa kuwa bado mnaikumbuka. Mwezi mmoja kabla, kila mtu alikuwa na fainali yake kichwani: Jannik Sinner wa Italia na Carlos Alcaraz wa Hispania, vinara wawili wa dunia, wakutane tena wakiwa na bendera. Oktoba Sinner akasema hachezi, anataka kupumzika. Lorenzo Musetti naye akajitoa. Alcaraz akacheza fainali ya wanane bora wa dunia kule Turin, akafungwa na Sinner, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba msuli wa nyuma ya paja haumruhusu. Fainali ikawa kweli ya Italia na Hispania, lakini waliosimama uwanjani walikuwa Matteo Berrettini na Pablo Carreño Busta, kisha Flavio Cobolli na Jaume Munar. Italia ikashinda 2-0, ikachukua kombe mara ya tatu mfululizo. Najua, wewe uliyeweka Italia ulipata hela yako. Lakini ulipatia kama mtu aliyepanda basi la Morogoro akajikuta Tanga, tena akashuka akijisifu kwamba anaijua njia.

Na hata hiyo Italia, mlijua iliponea wapi? Nusu fainali, dhidi ya Ubelgiji, Cobolli alikutana na Zizou Bergs. Seti ya tatu ikaingia taibreki, na taibreki hiyo ikaisha 17-15. Bergs alipata nafasi saba za kuimaliza mechi. Saba! Zote zikamponyoka. Mngekuwa na kitabu cha takwimu kirefu kama barabara ya Dodoma msingeiona hiyo humo.

Jambo la kujitoa, sikilizeni vizuri, si ajali. Ni ratiba. Fainali za Kombe la Davis zinachezwa mwishoni mwa Novemba, wiki inayofuata mashindano ya wanane bora wa dunia. Miili imechakaa. Na aliyefika mbali zaidi Turin ndiye aliyechoka zaidi na ndiye mwenye siku chache zaidi za kupona. Kwa hiyo ile sifa inayowafanya mumwekee pesa, kwamba wiki iliyopita alikuwa moto, ndiyo hiyohiyo inayoongeza uwezekano kwamba wiki hii hayupo. Mtu mzima anaisoma dalili hiyo kabla ya tangazo. Nyinyi mnaisoma baada ya tangazo, kisha mnaitukana nchi ya watu.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Jina kubwa halibebi pambano peke yake, au hubeba mara chache sana. Anayeamua ni wa pili. Ni yule mchezaji wa nafasi ya pili katika timu, ambaye hamjui hata kutamka jina lake, au wale wawili wanaocheza wawili wawili ambao hamjawahi kuwatazama.

Rudini Lyon, mwisho wa Novemba 1991. Marekani ilikuja na Andre Agassi na kijana Pete Sampras, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametwaa ubingwa wa mwisho wa mwaka kule Frankfurt. Ufaransa ilikuwa haijashika kombe hilo tangu 1932. Nahodha wake Yannick Noah akamsimamisha Henri Leconte, mtu aliyekuwa nafasi ya 159 duniani, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka huohuo. Ungemuuliza mtabiri yeyote mwenye daftari la nafasi za ubora, angekuambia hiyo ni pointi ya bure kwa Marekani. Leconte akamfunga Sampras seti tatu kwa bila. Siku iliyofuata akashirikiana na Guy Forget wakashinda mechi ya wawili wawili, na siku ya tatu Forget akamfunga Sampras, pambano likaisha. Noah hakuwa amekwenda mganga. Alijua Leconte ni mtu wa watu, mtu anayekua mbele ya umati. Alijua pia kwamba Sampras, pamoja na ubora wake wote, hajawahi hata siku moja kucheza Kombe la Davis. Hiyo haikuandikwa kwenye orodha ya ubora. Ilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyetaka kuuliza.

Au njoo karibu na kwetu. Harare, Februari 2000. Zimbabwe ya ndugu wawili, Byron na Wayne Black, nchi ambayo miaka miwili kabla iliwafunga Waaustralia kwao, mjini Mildura. Safari hii waliwakaribisha Wamarekani, na nahodha mpya wa wageni alikuwa John McEnroe. Agassi alitoka moja kwa moja Melbourne, ametoka kutwaa ubingwa wa Australia siku chache tu, yeye ndiye namba moja wa dunia. Akafanya kazi yake: akawafunga ndugu wote wawili. Na bado pambano likafika 2-2. Namba moja wa dunia ameshinda zake mbili, amemaliza, ameketi, na hatima ya Marekani iko mikononi mwa Chris Woodruff. Woodruff akamfunga Wayne Black, Marekani ikapita 3-2. Aliyeweka hela kwa sababu ya Agassi aliokolewa na Woodruff, na nina hakika hajui mpaka leo.

Mtaniambia, Babu, mbona Andy Murray? Sawa. Mwaka 2015 Uingereza ilitwaa kombe kwa mara ya kwanza tangu 1936, na Murray alishinda mechi zake kumi na moja kati ya kumi na moja, nane peke yake na tatu akiwa na kaka yake Jamie. Hakuna mtu aliyebeba nchi kuliko hivyo. Lakini raundi ya kwanza, Glasgow, dhidi ya Marekani, matokeo yalikuwa 3-2. Murray alileta mbili. Ya tatu aliileta James Ward, aliyetoka nyuma seti mbili akamfunga John Isner 15-13 katika seti ya tano. Mwondoe Ward siku ile, na ule mwaka mzima wa Murray unaishia Machi.

Nimetaja watatu, ningeweza kuendelea mpaka magharibi. Mikhail Youzhny, aliyepewa nafasi ya Yevgeny Kafelnikov katika mechi ya tano ya fainali ya 2002 pale Paris, akatoka nyuma seti mbili mbele ya Paul-Henri Mathieu na kuipa Urusi kombe. Viktor Troicki wa Serbia, Belgrade 2010, wakati nchi nzima ilikuwa ikimtazama Djokovic. Federico Delbonis wa Argentina, Zagreb 2016, aliyecheza mechi ya mwisho baada ya Juan Martín del Potro kutoka nyuma seti mbili dhidi ya Marin Čilić. Argentina ilikuwa imeshapoteza fainali nne kabla ya siku hiyo, zote na wachezaji wenye majina.

Ila sitaki mtoke hapa na kanuni mpya ya kuabudu. Upande wa pili nao una ushahidi wake. Moscow, 1995, Warusi waliandaa udongo mzito ili kumchosha Sampras. Akamfunga Andrei Chesnokov katika seti tano, akaanguka pale pale kwa kukazwa misuli, wakambeba kumtoa uwanjani. Kesho yake akacheza wawili wawili na Todd Martin, wakashinda. Siku ya tatu akamfunga Kafelnikov. Pointi tatu za Marekani, zote zina mkono wake. Mtu wa namna hiyo yupo. Lakini mwambieni mtabiri anayemtegemea amtaje kabla, si baada, na aseme yuko tayari kumtegemea mara ngapi katika kumi.

Na mchezo wenyewe umebadilika. Zamani pambano la kundi la juu lilikuwa la siku tatu: mechi nne za mmoja mmoja, moja ya wawili wawili, seti tano kila mechi. Tangu 2019, baada ya yale mabadiliko yaliyopigiwa kura mwaka mmoja kabla na yaliyoletwa na kampuni ya Gerard Piqué, wakati huo mcheza soka wa Barcelona, hatua ya mwisho ni mechi tatu tu, siku moja, seti tatu: mbili za mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Wenye mashindano walishaachana na kampuni hiyo mapema 2023, lakini mechi tatu zimebaki. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Wanaoanza uwanjani ni wachezaji wa nafasi ya pili wa kila nchi. Nyota wanakuja baadaye. Maana yake pointi ya kwanza, ile inayopanga hofu ya siku nzima, inachezwa na watu wawili ambao hukuwafikiria hata kidogo ulipokuwa unaweka dau.

Kwa hesabu pia, mabadiliko hayo yanampa mnyonge pumzi. Tuseme timu moja ina asilimia 60 ya kushinda kila mechi. Pambano likiwa la mechi tano, itapita mara 68 katika mia. Likiwa la mechi tatu, itapita mara 65. Ni tofauti ndogo, mtasema. Lakini hesabu hiyohiyo inatembea na ndani ya mechi, seti zilipopunguzwa kutoka tano hadi tatu, na vipunguo hivyo viwili vinajumlishana. Na katika utaratibu mpya nyota anacheza mmoja mmoja mara moja tu. Hana Jumapili ya kurekebisha.

Anachoweza ni kurudi kwenye wawili wawili. Málaga, 2023, Miomir Kecmanović alimfunga Musetti, Serbia ikawa mbele. Djokovic akawa na nafasi tatu mfululizo za kummaliza Sinner na kuifikisha Serbia fainali. Sinner akaziokoa zote tatu, akashinda, kisha akarudi saa hiyohiyo na Lorenzo Sonego, wakawafunga Djokovic na Kecmanović. Italia ikaenda fainali na kutwaa kombe ambalo ilikuwa haijalishika tangu 1976. Kwa hiyo wawili wawili, ile mechi ambayo mnazima simu na kulala, ni theluthi nzima ya pambano. Nani kati yenu anajua jozi ya Uholanzi? Nani anajua kwamba mtu anaweza kuwa nafasi ya mia mbili akicheza peke yake, na akawa mfalme wavu ukiwa karibu na mwenzake akiwa pembeni? Makundi ya chini ya Afrika, wanakochezea Kenya na Tanzania, yametumia mpango huu wa mechi tatu kwa miaka mingi, nchi kadhaa zikikusanywa mji mmoja kwa wiki moja. Waliowahi kukaa pembeni mwa viwanja hivyo hawahitaji kufundishwa thamani ya jozi iliyozoeana.

Mwaka uliofuata, palepale Málaga, ilikuja ile iliyowaliza wengi. Rafael Nadal alikuwa ameshatangaza kwamba hayo ndiyo mashindano yake ya mwisho. Mechi yake ya kwanza ya mmoja mmoja katika kombe hili, mwaka 2004, alipoteza. Kisha akashinda 29 mfululizo. Umesikia namba hiyo? Ishirini na tisa. Ni nani atathubutu kubashiri dhidi yake, mbele ya watu wake, siku ya kuaga? Lakini Nadal wa 29 hakuwa Nadal wa Novemba 2024. Huyu alikuwa na miaka 38, mwaka mzima alicheza kidogo, na uwanja ulikuwa mgumu, wa ndani, si udongo wake. Botic van de Zandschulp akamfunga 6-4, 6-4. Alcaraz akasawazisha. Halafu van de Zandschulp huyohuyo na Wesley Koolhof wakawafunga Alcaraz na Marcel Granollers kwa taibreki mbili, Hispania ikatoka robo fainali. Mlioweka hela kwa Hispania hamkubashiri. Mlikuwa mnaaga, na kuaga ni jambo jema la moyo, ila kampuni haikulipi kwa machozi.

Kuhusu uwanja sitakaa sana. Katika hatua za mchujo mwenyeji bado anachagua sakafu, na kila mtu anafikiri hilo ni dawa. Argentina mwaka 2008 iliandaa fainali Mar del Plata kwenye uwanja mgumu wa ndani, mwepesi, wa kumsumbua Nadal. Nadal akaumia, hakuja kabisa. Feliciano López na Fernando Verdasco, watu ambao sakafu ile iliwafaa, wakaichukulia Hispania kombe. Ufaransa mwaka 2014 ikatandika udongo mjini Lille kwa ajili ya Federer, naye akafika na mgongo mbovu. Ijumaa Gaël Monfils akamfunga kweli. Jumapili Federer akamfunga Richard Gasquet na Uswisi ikashika kombe. Na Septemba 2025 Marekani ilifungwa na Wacheki kwao Florida, Australia ikafungwa na Wabelgiji kwao Sydney. Nyumbani kunasaidia, hakuna anayebisha. Upe uwanja wa nyumbani asilimia zake chache, usiupe mkeka mzima.

Na kuna mambo ambayo daftari halina ukurasa wake. Mwaka 1974 India ilifika fainali, na mpinzani wake alikuwa Afrika Kusini ya makaburu. India ikakataa kucheza, ikaacha kombe liende bila mpira kupigwa. Mimi naiheshimu India kwa siku hiyo kuliko ningeiheshimu kwa ushindi. Lakini fikiria mtabiri aliyekesha akipima nguvu za ndugu wa Amritraj.

Mnapenda pia kuniletea rekodi za ana kwa ana: fulani kamfunga fulani mara tatu. Mara tatu wapi? Kwenye sakafu gani, lini? Na moja kati ya hizo haikuwa mechi ya kukamilisha ratiba? Zamani pambano likishaamuliwa 3-0, mechi zilizobaki zilichezwa kwa heshima ya watazamaji, nahodha akiingiza mtu wa akiba na seti zikipunguzwa. Matokeo yakaandikwa hivyohivyo, na leo yanakaa kwenye jedwali lako sawa na ya mtu aliyecheza mpaka akatapika.

Sasa habari ya hela, kwa kuwa ndiyo mnayoisikia. Chukua mechi moja. Kampuni inampa mwenye nguvu odi ya 1.25 na mpinzani wake odi ya 4.00. Gawanya moja kwa 1.25, unapata asilimia 80. Gawanya moja kwa 4.00, unapata 25. Jumlisha: 105. Mechi moja haina asilimia zaidi ya mia, na tenisi haina sare. Hizo tano za juu ni za nani? Si zako, na si za yule uliyemfunga kwa ubishi kijiweni. Ni za mwenye duka, kila siku, awe nani ameshinda.

Halafu hamtosheki na mechi moja. Mnaunganisha. Timu tano, kila moja odi 1.25, mnaona 3.05 chini ya mkeka na macho yanang'aa. Hata nikikubali kwamba kila moja ina asilimia 80 kamili, zote tano kushinda pamoja ni asilimia 33 hivi. Katika mikeka mitatu, miwili inachanika. Ongeza ziwe kumi, zote "za uhakika" kama mnavyoziita, na nafasi yako ni asilimia 11. Hakuna aliyekuibia hapo. Umeibiwa na neno uhakika. Mtaka yote hukosa yote, na kampuni zimejenga ghorofa juu ya methali hiyo.

Mbaya zaidi, mnaweka mapema. Orodha ya wachezaji hutangazwa kabla ya pambano, na hata baada ya kutangazwa nahodha ana ruhusa ya kubadilisha kwa masharti. Odi za wiki mbili kabla zinawavutia kwa sababu ni kubwa, na ni kubwa kwa sababu hakuna anayejua nani atashuka uwanjani. Mnanunua giza mkifikiri mmepunguziwa bei.

Na mkishuka ngazi za chini kutafuta mechi zisizojulikana, huko kuna hatari nyingine. Mwaka 2007 mechi moja mjini Sopot, Poland, ilivuta fedha nyingi za ajabu hata Betfair ikafuta dau zote; wachezaji walichunguzwa na mwaka uliofuata hawakukutwa na hatia. Lakini ripoti ya jopo huru iliyotoka 2018 ilieleza wazi kwamba tatizo kubwa la upangaji wa matokeo katika tenisi liko kwenye mashindano madogo, ambako mchezaji hapati hata nauli ya kurudi kwao. Kumbashiri mtu kama huyo kutoka Buguruni au Kayole, kwenye mechi usiyoweza hata kuiona, ni kumkabidhi mgeni mshahara wako.

Je, nawakataza kubashiri? Hapana. Kubashiri ni raha, na kukifanywa vizuri ni elimu. Nimewatazama watu wakijifunza jiografia, hesabu na tabia za binadamu kwa kutabiri matokeo ya michezo. Ninachowakataza ni kutoa neno moja, "Italia", kisha kukunja mikono. Mtabiri wa kweli anasema: naipa Italia 70 katika mia, kwa sababu hizi na hizi, na wa pili wao akibadilika nashuka hadi 55. Anaandika kwenye daftari, pamoja na tarehe. Mwisho wa mwaka anakusanya yale yote aliyoyapa 70 na kuhesabu. Kama saba katika kumi yametimia, anajua kazi yake. Kama yametimia yote kumi, naye amekosea, alikuwa mwoga. Kama yametimia matano, anyamaze kijiweni kwa muda. Daftari na kalamu havifiki shilingi elfu mbili, na hakuna atakayewakata kodi.

Msiniambie mmekosa muda. Mnao muda wa kubishana mpaka saa sita usiku kama Alcaraz ni bora kuliko Sinner, jambo ambalo katika Kombe la Davis la 2025 halikuwa na kazi hata chembe, maana wote wawili hawakucheza.

Mchujo wa kwanza hufanyika mwanzoni mwa mwaka, wa pili Septemba, na wanane wanakutana Novemba. Safari ijayo mkija kuniuliza, msije na bendera. Njooni na orodha ya majina, mniambie wa pili ni nani, amecheza wapi mwezi uliopita, sakafu gani, na jozi ya wawili wawili imeshacheza pamoja mara ngapi. Hapo nitawajibu, na tutaandika asilimia zetu pamoja, mimi zangu na nyinyi zenu. Na ile hela ya kodi ya nyumba mpelekeeni mwenye nyumba leo, kabla hajaja kugonga mlango.